Taa ya Kijani Mezani kwa Ratzlaff

Mheshimiwa Delmar Ratzlaff alikuwa amelala kifudifudi kwenye ngazi za nyuma za Bunge la jimbo, kichwa kikielekea juu, mkono wa kulia umenyooshwa mbele kama mtu anayetafuta kitasa. Kiatu chake kimoja kilibaki chini kabisa, pale penye damu nyingi.

Inspekta Arlene Kubicek wa polisi wa jimbo alichuchumaa kando ya ukuta asije akakanyaga kielelezo. Alikitazama kile kiatu, kisha akautazama ule mkono. Hakuwa na haraka.

"Alianguka, kisha akapanda," alisema.

"Alitambaa." Dakta Pruitt, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, alielekeza tochi yake. "Ona alama za viganja, ngazi hii, na ile, na ile. Fuvu limepasuka kisogoni. Damu ilivujia ndani polepole. Nitakuwa na uhakika nikishampasua, lakini huyu hakufa alipoanguka."

"Angewahiwa angepona?"

"Angewahiwa, mimi sasa hivi ningekuwa nyumbani nakunywa kahawa."

"Aliteleza?"

"Anayeteleza akishuka huangukia makalio. Huyu alikwenda kinyumenyume. Alikuwa amesimama anazungumza na mtu."

Maiti iligunduliwa na mfagizi aliyepanda kutoka chini ya jengo kwa ufunguo wake. Mlango wa juu, ule unaoingia ukumbini, ulikuwa bado umefungwa. Sajini Haugen, askari wa milango ya Bunge, alisimama hapo akiwa amekishika kifungu cha funguo kwa mikono miwili.

"Uliufunga lini?"

"Kengele ya wito ilipolia, afande. Ukipigwa wito, wabunge wote wawe ndani wapige kura, nafunga milango yote. Hata Spika hatoki. Asiyekuwepo tunamfuata popote alipo. Mwaka juzi tulimtoa mmoja kwa kinyozi, povu bado liko shavuni."

"Mnajuaje nani hayupo?"

"Kila mmoja anabonyeza kitufe mezani kwake, ubao wa ukutani unaonyesha. Leo walionekana wote, arobaini na tisa."

"Na Ratzlaff?"

Haugen alizitazama funguo zake. "Naye pia."

"Alikuwa nyuma ya mlango wako, Sajini."

"Na ufunguo wa mlango huu ninao mimi, afande."

Inspekta alimwambia afungue. Walipoingia, Haugen alifunga tena nyuma yao, maana wito ulikuwa haujaondolewa na kanuni ni kanuni. Kubicek alisikia komeo likiingia mahali pake. Sasa naye alikuwa ndani pamoja nao.

Ukumbi ulinuka maharage ya pilipili na maandazi ya mdalasini, chakula cha siku ya mwisho ya kikao. Nje ya madirisha theluji ilikuwa inaanguka kwa mshazari. Wabunge walikaa kwenye viti vyao kama wasafiri waliokwamishwa stesheni, wengine wakinong'ona, wengine wakijifanya wanasoma.

Spika Gordon Tillotson alimvuta kando.

"Inspekta, nifanyie hisani. Moyo wa Delmar ulikuwa mbovu, kila mtu anajua. Hayo mengine yasubiri. Nikishagonga nyundo ya kufunga kikao, nitakupa jengo zima."

"Mmepitisha nini leo?"

"Mswada wa visima. Baada ya miaka sita! Unahitaji kura ishirini na tano, tumepata ishirini na tano kamili. Nikishafunga, hakuna awezaye kuirudia kura hiyo."

"Ratzlaff alipiga nini?"

Spika alikwepa macho yake. "Kijani. Hata mimi nilishangaa."

Kubicek aliujua mswada huo. Ulitaka mabanda makubwa ya nguruwe yasogezwe mbali na visima vya watu, na wenye mabanda waseme wanamwaga wapi samadi yao. Dada yake, kule kaunti ya Marne, alikuwa ananunua maji ya kunywa kwa madumu mwaka wa tatu sasa. Aliliweka jambo hilo pembeni. Halikuwa ushahidi.

Aliuliza ni kina nani wanaokaa kando ya marehemu ukumbini. Wawili: Twyla Brandvold kushoto, Norbert Steffens kulia. Alianza na Twyla, katika chumba kidogo cha simu kilicho pembeni ya ukumbi, kisicho na dirisha.

Twyla alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Macho yalikuwa mekundu.

"Ratzlaff alikuwa mtu wa namna gani?"

"Unataka ya msibani au ya kweli?"

"Nipe zote mbili, mama."

"Ya msibani ni kwamba theluji ikianguka alitoka alfajiri na trekta lake kuwasafishia wajane njia. Kila mtoto aliyemaliza shule kaunti kwake alimjua kwa jina. Na lile daraja la Alder ni ubishi wake, si wa mtu mwingine." Alipenga kamasi. "Ya kweli ni kwamba alikaa humu miaka ishirini na miwili, na mingi kati ya hiyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kilimo. Mswada asioutaka haukusomwa. Aliutia kwenye droo, akakalia droo. Alipitisha sheria ya kuficha majina ya wenye mabanda ya nguruwe, halafu ikajulikana shemeji zake wana mabanda manne. Akakamatwa amelewa kwenye usukani. Akamwambia polisi kwamba mbunge aliye njiani kwenda bungeni hakamatwi. Afande, ilikuwa Jumapili!"

Inspekta alijizuia kucheka. "Wakamchagua tena?"

"Kwa kishindo. Na mimi nilisimama jukwaani kumwombea kura. Usiniangalie hivyo, humu ndani ukimkosea mwenyekiti, mswada wako nao unaingia kwenye droo."

"Asipokuwepo, nani humbonyezea kitufe?"

Twyla aliifuta miwani yake.

"Hilo ni kinyume cha kanuni," alisema Twyla.

"Sikuuliza kanuni."

"Haya. Mimi, au Norbert. Tunabonyezeana wote, chama hiki na chama kile. Mtu ameenda chooni, ameenda kuvuta sigara, utaiacha meza yake giza? Ni ujirani tu."

"Leo ulimbonyezea?"

"Nilinyoosha mkono, nikakuta taa yake imeshawaka. Kijani."

"Ukafikiri nini?"

"Kwamba kuna mtu kamnunua mzee. Nikajisemea, tukitoka atanieleza."

"Ungebonyeza wewe, ungebonyeza ipi?"

"Nyekundu! Hata ningekuwa usingizini. Delmar na mswada wa visima? Nyekundu tu."

Inspekta alimshukuru, akabaki peke yake kidogo. Kwa muda wa kura nzima Ratzlaff alikuwa nje ya komeo, na kitufe chake hakifikiwi ila kwa mikono ya majirani wawili. Mmoja wa mikono hiyo ungebonyeza nyekundu kwa mazoea. Alimwomba Haugen amlete Steffens.

Norbert Steffens aliingia akiwa na andazi lake mkononi, halijang'atwa. Alikuwa mkulima mrefu, shingo imekunjamana kwa jua, koti limembana mabegani. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Umekaa na Ratzlaff tangu lini, mheshimiwa?"

"Tangu niingie. Miaka kumi na minne. Yeye ndiye aliyenileta. Aliniambia, kaa hapa, angalia ninachobonyeza."

"Ukaangalia."

"Nikaangalia."

"Leo nani alibonyeza kitufe chake?"

"Twyla, nadhani."

"Si yeye."

"Basi mwenyewe. Labda aliingia akatoka tena."

"Mlango ulifungwa kengele ilipolia. Haugen hakuufungua."

Steffens alilihamisha andazi mkono wa pili. "Sawa, afande. Ni mimi. Tunafanyiana. Hufungwi kwa hilo."

"Hufungwi. Lakini kwa nini kijani?"

Steffens alilitazama andazi lake.

"Mtu anayedhani jirani yake yuko chooni," alisema Kubicek taratibu, "humbonyezea kile jirani angekibonyeza. Ratzlaff angerudi akakuta kijani mezani kwake, angekuchana mbele ya watu wote. Aliyebonyeza kijani alijua mzee harudi."

Ndani ya chumba kile hewa ilikuwa nzito. Steffens alitazama mlango, ukuta, kisha mlango tena. Hapakuwa na pengine pa kutazama. Aliliweka andazi juu ya simu, polepole.

"Una watoto, afande?"

"Niambie yako."

"Mjukuu wangu alizaliwa Oktoba. Hajatimiza miezi miwili midomo ikawa bluu. Mama yake alikuwa anamkorogea maziwa ya unga kwa maji ya kisima chetu, kumbe samadi imeshaingia humo. Tulimuwahi. Wa jirani hakuwahiwa." Sauti yake haikupanda. "Mara sita mswada ule umekuja, na mara sita nimebonyeza nyekundu. Nikienda kununua mbegu, watu wananiambia, mheshimiwa, umeamkaje. Hakuna aliyenitukana hata mmoja. Ningependa wanitukane."

"Leo ukataka kubadilika."

"Pamoja na mimi tulikuwa ishirini na nne. Nikamwita kwenye ngazi, nikamwomba kura moja tu. Ya mwisho kabla hajastaafu, ili aondoke vizuri. Alicheka. Akanipiga begani, akasema, 'Norbert, wewe ni kidole changu cha pili, na kidole hakina maoni.'"

"Ukamsukuma."

"Kwa mikono hii. Sikukusudia afike chini."

"Ulishuka kumtazama?"

"Nilishuka. Alikuwa anahema. Aliniita jina langu."

"Kisha?"

"Kengele ikalia."

"Ukawahi kuingia kabla Haugen hajafunga," alisema Kubicek.

"Ningesema, kikao kingevunjika," alisema Steffens. "Na leo ndiyo siku ya mwisho. Ningeiacha meza yake giza, Haugen angetoka kumtafuta na kumkuta pale ngazini. Kwa hiyo nilipokaa nikabonyeza kwamba yupo. Halafu kura ikaja, ubao ukakwama kwenye ishirini na nne. Kidole kikaenda chenyewe."

"Hakikwenda chenyewe."

Steffens aliinamisha kichwa. "Hapana. Hakikwenda chenyewe."

"Unajua kwamba si ngazi zilizomuua? Alikuwa anapanda. Kitufe kile cha kwanza ndicho kilichomuua."

"Najua tangu nilipokibonyeza."

Inspekta alitoa pingu. Steffens alinyoosha mikono bila kuombwa, kisha akairudisha ghafla.

"Nisikilize, binti. Spika ameanza hotuba ya kufunga, nasikia sauti yake. Akigonga nyundo, sheria imepita, haiguswi. Nitakiri, nitasaini kila karatasi, nifungwe mpaka nife. Ila usifungue mlango huo sasa. Kaa nami hapa mpaka agonge. Si kwa ajili yangu."

Sauti ya Spika ilipenya kweli, ikiwashukuru makarani, wapishi, wake na waume wa wabunge. Ilikuwa hotuba ndefu, lakini ilikuwa inaelekea mwisho. Kubicek aliyaona madumu ya dada yake, yamepangwa kibarazani, yameganda barafu shingoni. Hakuna ambaye angejua. Ilikuwa ni kukaa tu kitini, na kukaa kitini si kosa la jinai.

Ndivyo Steffens naye alivyokuwa amekaa.

"Ratzlaff pia alikuwa anangoja mtu afungue mlango," alisema Kubicek, akamfunga pingu, akaenda ukumbini kabla nyundo haijanyanyuliwa.

Ilikuwa kazi kumfanya Spika amwelewe, au pengine alimwelewa mapema kuliko alivyotaka. Alipokwisha kusikia, alishika meza kwa mikono yote miwili. Kisha akatangaza kwa sauti kavu kwamba kura ya mswada wa visima imefutwa kwa kuwa ndani yake mna kura ya marehemu, na kwamba itarudiwa papo hapo, kila mtu kwa kidole chake, asipokuwa aliyefungwa pingu. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Leo ndiyo mnaijua kanuni!" Wachache walicheka, wakajuta.

Taa zilianza kuwaka moja moja. Kubicek alisimama karibu na Haugen, macho yake ubaoni. Majina mawili yalibaki giza, la Ratzlaff na la Steffens. Wengine walirudia walichokipiga mwanzo: ishirini na tatu kijani, zilizosalia nyekundu. Jina moja halikuwa limewaka rangi yoyote.

Twyla Brandvold alikuwa amekaa kando ya meza mbili tupu, ya Delmar, na baada yake ile ya Norbert. Kidole chake kilikuwa juu ya vitufe.

"Mama Brandvold," Spika alisema, "tunakungoja wewe."

"Ningojeni basi. Mmezoea kungojwa nyie tu?"

Alibonyeza. Kijani.

Ukumbi uliguna. Ubao ukahesabu, ukasimama: ishirini na nne. Spika alitangaza kwamba mswada umeanguka kwa kukosa kura moja, akagonga nyundo, akaondoa wito. Milango ikafunguliwa na baridi ikaingia, lakini kwa kitambo hakuna aliyeinuka.

Kubicek alipopita, Twyla alimshika mkono wa koti.

"Hakuniuliza, afande. Norbert. Mimi nilidhani yeye ni wa nyekundu mpaka kufa, yeye akadhani hivyo kwangu. Miaka kumi na minne tunavuka meza ya Delmar kupeana peremende, na hakuna aliyemuuliza mwenzake."

Katika chumba cha simu Steffens alikuwa amekaa vilevile, mikono imefungwa mapajani. Alikuwa ameisikia nyundo, lakini hakujua imegongea nini.

"Imepita?"

"Haikupita."

"Ngapi?"

"Ishirini na nne."

Alikunja uso. Alijua hesabu ya ukumbi ule kama anavyojua mashamba yake. "Haiwezekani. Bila mimi ni ishirini na tatu. Nani aliongezeka?"

"Twyla Brandvold."

"Twyla," alisema, kana kwamba ni mtu aliyehamia jana. Kisha midomo yake ikaanza kucheza, akiwataja wenzake kimyakimya, mstari kwa mstari, kuanzia dirishani, kama mtu atafutaye ni nani aliyeiangusha kura hiyo moja, na alipofika kwenye meza yake mwenyewe akaacha kuhesabu.