Jina Moja, Vitambulisho Viwili

Jua lilikuwa halijatoka na Watiri alikuwa ameshakama ng'ombe wote wawili. Alipeleka maziwa barabarani, akangoja gari la maziwa lipite. Kisha alirudi nyumbani kumsaidia mumewe kuamka.

Kumwinua Muchiri kitandani ilikuwa kazi. Mwaka uliopita alianguka kutoka kwenye mparachichi akichuma matunda ya kuuza. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya. Sasa alitembea kwa magongo, na siku za baridi hakutembea kabisa. Baridi ya Mukurweini mwezi wa Julai haina huruma na mfupa mbovu. Mwanamume aliyekuwa akikwea miti kwa wepesi kuliko vijana wote wa kijiji alihitaji kushikwa mkono ili afike chooni. Jambo hilo lilimuuma kuliko nyonga yenyewe.

"Leo ndio unaenda sacco?" Muchiri aliuliza.

"Leo ndio, Baba Shiku."

"Na wakikataa?"

"Wakatae aje? Nimeweka pesa huko miaka mingi. Wadhamini niko nao. Daktari alisema ukiwekewa nyonga ya chuma utatembea. Basi utatembea."

Muchiri aligeukia ukuta. Alikuwa ameacha kutarajia mema. Mtu akiumwa kwa muda mrefu huwa hivyo, na si haki kumlaumu.

Pale sacco, Watiri alipokelewa na Gatwiri, afisa wa mikopo. Gatwiri alikuwa mtu wa Meru aliyeolewa Mukurweini, na wakulima walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Alitazama kompyuta yake kwa muda. Kisha akageuka.

"Mama Shiku, mkopo umekwama. Jina yako iko CRB."

"CRB ni kitu gani?"

"Ni ofisi inaweka kumbukumbu za madeni. Ukikopa ukalipa vizuri, inaandikwa. Usipolipa, inaandikwa pia. Sisi tunaangalia huko kwanza kabla tupatie mtu pesa. Na wewe umeandikwa vibaya."

"Mimi? Mimi sina deni ya mtu!"

"Hapa inasema ni bili ya simu. Ile laini mtu anaongea kwanza, halafu analipa mwisho wa mwezi. Haikulipwa."

Watiri alicheka kwa hasira. "Ati mwisho wa mwezi? Mimi nanunua kredo ya simu ya shilingi ishirini, na hiyo pia naikopa kwa mtoto wangu. Hiyo laini ningeitoa wapi?"

Gatwiri alisoma tena. "Ilichukuliwa Wang'uru."

Kicheko kilimkatika Watiri mdomoni. Aliinuka, akasema asante, akatoka nje bila kuuliza jambo lingine.

Wang'uru, mji wa Mwea, ndiko alikoishi Watiri mwingine. Baba zao walikuwa ndugu. Kwa desturi ya Wagikuyu, kila ndugu alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yake, yaani bibi ya watoto hao. Bibi huyo aliitwa Lydia Watiri, mke wa Gikonyo. Hata jina lake la ubatizo walilichukua. Basi wasichana wote wawili wakawa Lydia Watiri Gikonyo. Ili kuwatofautisha, watu walisema Watiri wa Mukurweini na Watiri wa Mwea. Wenyewe waliitana "cucu", yaani bibi, kisha wakacheka.

Watiri wa Mwea alikuwa akiuza mchele Wang'uru, na simu yake haikunyamaza kwa wateja. Lakini aliugua ghafla na kufariki. Siku ya mazishi, Watiri wa Mukurweini alisimama kaburini akasoma jina lake mwenyewe kwenye msalaba. Aliogopa. Hakumwambia mtu.

Sasa aliambiwa kuhusu deni la Wang'uru. Je, marehemu alitumia kitambulisho cha Watiri wa Mukurweini kwa siri? Alichukia kuwaza hivyo juu ya mtu aliyelala kaburini. Akaamua atauza mtamba wake, yule ng'ombe mchanga ambaye hajazaa bado, alipe bili, na asimtaje Watiri wa Mwea kwa mtu yeyote. Angemtajaje? Kwao, kumchafua mwenye jina la bibi ni kumchafua bibi mwenyewe.

Kosa hili si la kuchekwa. Lilitoka kwenye moyo mwema. Lakini lilikuwa kosa.

Kesho yake alirudi sacco. "Gatwiri, niambie ile bili inalipwa wapi. Nimepata mtu wa kununua mtamba wangu."

"Jana ulisema deni si yako."

"Dawa ya deni ni kulipa."

"Ni kweli, dawa ya deni ni kulipa. Lakini unywe dawa ya ugonjwa wako, si ya jirani. Mama Shiku, hiyo laini ni ya nani?"

Watiri aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka. Mwishowe alisimulia yote: desturi ya majina, mchele, msalaba.

Gatwiri alimngoja amalize. Kisha akasema polepole, "Pole sana. Sasa nisikize. Ukilipa na unyamaze, kumbukumbu yako haitakuwa safi. Itasema ulishindwa kulipa, halafu ukalipa ukiwa umechelewa. Hiyo itakaa hapo miaka kadhaa, na kamati yetu itaiona kila ukiomba. Mtamba umeenda, na Baba Shiku bado ako na magongo."

"Kwa hivyo nitangaze ati cucu yangu alikuwa mwizi?"

"Nani amesema alikuwa mwizi? Hata wewe hujui. Inaweza kuwa kampuni ndio ilikosea. Tutajua aje kama hatujauliza?"

Watiri hakuwa amefikiria hilo.

Gatwiri alimweleza la kufanya. Kwanza, aombe ripoti yake kutoka CRB. Kila mtu ana haki ya kuipata mara moja kwa mwaka bila kulipa. Ripoti itamwambia ni kampuni gani iliyopeleka jina lake, na kwa deni gani. Pili, aende kwa kampuni hiyo na kitambulisho chake, aulize laini ilichukuliwa na nani. Tatu, aiandikie CRB kwamba anapinga deni hilo, na aambatanishe kila ushahidi alio nao. Wakishapokea, ni lazima waonyeshe kwenye kumbukumbu kwamba deni linabishaniwa, na waiulize kampuni. Kampuni ikishindwa kuthibitisha, jina linaondolewa.

"Na uweke kopi ya kila kitu," Gatwiri aliongeza. "Ukiongea na mtu, uliza jina yake. Maneno ya mdomo yanapotea."

Ripoti ilikuja kwa simu. Shiku, binti yake, alimsomea. Kisha Watiri alishuka Nyeri mjini, kwenye duka la kampuni ile ya simu. Kijana wa kaunta alitafuta kwenye kompyuta.

"Lydia Watiri Gikonyo. Si ni wewe?"

"Jina ni yangu. Laini si yangu. Kuna mwingine tulipewa jina moja."

"Mama, kila mtu husema hivyo." Kijana alisema bila ubaya, lakini aliona uso wa Watiri akajirekebisha. "Sawa. Leta kitu inaonyesha huyo mwingine yuko, na namba yake ya kitambulisho. Tutaangalia kama ndio iko kwa fomu aliyojaza."

"Hayuko. Alikufa."

Kijana aliacha kubonyeza kompyuta. "Pole, mama. Basi leta cheti cha kifo. Namba iko hapo."

Cheti kilikuwa kwa Wakiuru, mama ya marehemu. Watiri alimwita tata, yaani mke wa ndugu ya baba yake, na tangu mazishi hakuwa amethubutu kumtazama machoni kwa muda mrefu. Alimpata Wang'uru, amekaa nje ya nyumba akipeta mchele. Walisalimiana. Walikunywa chai. Watiri alizungusha maneno mpaka Wakiuru akachoka.

"Watiri, sema kilichokuleta."

Aliposikia habari ya bili, uso wa Wakiuru ulikuwa mgumu. Aliweka ungo chini.

"Siku ya mazishi tulitangaza mbele ya watu wote. Anayemdai Watiri aje kwa familia. Hakuna alikuja. Na wewe ulikuwa hapo. Leo ndio unakuja kumdai mtoto wangu akiwa kaburini?"

"Tata, simdai."

"Unataka karatasi ya kifo chake, uende kuionyesha watu dukani!"

Watiri alitaka kuondoka. Alikuwa tayari ameinuka. Kisha alimkumbuka Muchiri akishika ukuta ili afike mlangoni, akapiga moyo konde.

"Tata, kampuni ya simu haiji mazishini. Haikusikia tangazo. Haijui hata kama alikufa. Inamwandikia bili mpaka leo, na inasema mwenye hiyo bili ni mimi. Nilitaka kulipa ninyamaze. Lakini nikilipa, mume wangu hatapata nyonga, na Watiri ataendelea kuandikwa mtu wa madeni. Sitaki aandikwe hivyo. Mimi pia nilimpenda."

Wakiuru alilia. Tangu mazishi hakuwa amelia mbele ya mtu. Watiri alimshika mikono yenye vumbi la mchele, wakalia pamoja.

"Simu yake iko ndani," Wakiuru alisema baadaye. "Niliizima. Sikutaka kuisikia ikilia, na yeye hayuko wa kuishika."

Watiri alielewa. Kampuni ilikuwa ikituma maonyo kwa simu ile ile iliyozimwa. Ndiyo maana hakuna aliyejua.

"Na mimi?" Wakiuru aliuliza kwa hofu. "Watanidai? Watachukua shamba?"

Watiri alikuwa amemuuliza Gatwiri swali hilo. "Deni ya marehemu inalipwa kwa mali aliyoacha. Kama hukuweka sahihi, huwezi kudaiwa kwa sababu tu wewe ni mama yake."

Wakaenda Nyeri wote wawili, na cheti. Msimamizi wa duka alitoa fomu ya laini. Picha ilikuwa ya Watiri wa Mwea, akitabasamu. Sahihi ilikuwa yake. Namba ya kitambulisho ilikuwa yake, sawasawa na ile ya cheti. Hakudanganya mtu. Mfanyakazi wa kampuni aliyeandikisha laini alitafuta majina matatu kwenye kompyuta, akampata Lydia Watiri Gikonyo aliyekuwa mteja wa zamani, yaani yule wa Mukurweini, akamwekea hesabu yeye. Hakulinganisha namba.

Wakiuru aliigusa picha kwa kidole. "Alikuwa msafi," alisema.

"Alikuwa msafi, tata," Watiri alijibu. Aibu ilimshika kwa yale aliyoyawaza, akamwomba msamaha marehemu kimoyomoyo.

Kampuni ilimpa barua ya kukiri kosa. Ilifunga laini ya marehemu na kufuta bili zilizoandikwa baada ya kifo. Bili chache za kabla ya hapo zililipwa kwa pesa za mchele aliouacha ghalani. Wakiuru alisisitiza zilipwe, na zikalipwa kwa jina la mwenyewe.

Shiku alimsaidia mama yake kuipelekea CRB malalamiko, pamoja na barua ile na kopi za kitambulisho. Wiki zilipita. Watiri alipiga simu mara kwa mara kuuliza, na kila mara aliandika jina la aliyemjibu. Mara moja aliambiwa faili halionekani. Zamani angekata tamaa. Sasa alituma kopi upya siku hiyo hiyo.

Kisha aliambiwa habari njema kwa simu. Deni lilikuwa limeondolewa. Hakuridhika na maneno ya simu. Aliomba uthibitisho wa maandishi, akampelekea Gatwiri karatasi aisome kwa macho yake.

"Uko safi, Mama Shiku," Gatwiri alisema. "Peleka Baba Shiku hospitali."

Mkopo ulitoka, na Muchiri akawekewa nyonga ya chuma Nyeri. Wiki za kwanza alilalamika juu ya kila kitu: chakula, wauguzi, mazoezi. Watiri alifurahi kumsikia akilalamika, maana kabla ya hapo alikuwa amenyamaza tu.

Asubuhi moja Watiri aliamka kukama. Alikuwa ameinama chini ya ng'ombe aliposikia hatua. Zilikuwa nzito, za polepole, lakini hakusikia mlio wa gongo. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka.

Muchiri alisimama mlangoni mwa zizi akihema. Alikuwa ametoka kitandani peke yake, akavaa viatu peke yake, akapita uani penye tope.

"Watiri," alisema, "ondoka hapo. Leo nakama mimi."