Mwanaheri, Mkalimani wa Kitawe

Zama zile Wahispania walipokuwa wakiwafukuza mahasimu wao hadi pwani yetu, mji wa Kitawe ulizingirwa siku kumi na mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni huyu alikuja na mizinga. Ndani ya marikebu yake walifungwa mateka arobaini, na mmoja wao alikuwa Shekue, ndugu wa pekee wa Mwanaheri.

Mwanaheri alikuwa mkalimani wa mfalme. Miaka saba ya utumwa kwa bibi mmoja wa Sevilia ilimfunza Kihispania cha jikoni na cha sebuleni. Sheria ya Kitawe kwa watu wa kazi yake ilikuwa moja: mkalimani ni mfereji, hupitisha, haongezi. Aliyetia neno lake barazani alifukuzwa mjini maisha.

Asubuhi ya sulhu, nahodha Don Lope aliingia barazani, nyuma yake askari wenye magobore, tambi za kuwashia baruti zikifuka moshi. Mfalme Mwinyi Chande, joho begani na deuli kiunoni, alimkaribisha kwa adabu, akausifu upanga wake. Nahodha akainama, akajibu. Mwanaheri akatafsiri kama ilivyosemwa: "Ni wako, bwana mkubwa."

Hapo akakumbuka Sevilia. Kwa bibi yule aliyasikia hayo kila siku: mgeni akisifu kikombe, huambiwa ni chake, naye hushukuru na kukataa, na kikombe hubaki kabatini. Lakini Kitawe, kukataa tunu mbele ya wazee ni kumtemea mtoaji mate. Mfalme alikwisha kunyoosha mikono yote miwili. Askari wakaanza kupuliza tambi zao, tayari kufyatua.

Mwanaheri akapiga magoti.

"Mwinyi, maneno haya ni yangu, si yake. Kwao hiyo ni adabu tu. Ukiupokea, ataona amenyang'anywa silaha. Ukatae, naye atakuheshimu."

Wazee wakaguna. Mfalme akarudisha mikono. "Mwambie upanga huo umekizoea kiuno chake."

Don Lope akacheka kwa mara ya kwanza. Kabla ya adhuhuri sulhu iliapwa, na mateka wakafunguliwa.

"Umetuokoa, mwanangu," mfalme alimwambia, akilia waziwazi. "Na sheria umeivunja mbele ya wazee wote. Ningekuwa na sheria mbili, ningekupa ile nyingine."

Walikutana langoni, Shekue akiingia, yeye akitoka na bunda la nguo kichwani. Shekue alimshika mkono, akamwuliza anakwenda wapi. Mwanaheri alimwambia akamwone mama kwanza.

Waandishi wa mfalme waliinakili siku ile kwa wino mzuri: kwamba Mwinyi Chande na nahodha Mhispania walizungumza wao kwa wao, wakaelewana.