Mfuniko wa Kopo la Vifungo

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba maduara yote ya mdogo wangu yalilingana na mfuniko wa kopo langu la vifungo. Kila alasiri nikishona, alikaa chini karibu na cherehani, akauzungushia penseli mfuniko ule, akapiga mstari katikati kwa kukisia, kisha akaandika tisini. Swali lolote, tisini. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo nilinyamaza.

Alasiri moja alikuwa akichora hivyo, na kesho yake kulikuwa na mtihani wa majaribio. Mama alishasema: akifeli tena, ataacha shule aje ashone nami.

"Dada, nikikalia cherehani hiyo nitaivunja."

"Thubutu. Ndiyo inayotulisha."

Alicheka kidogo, akachora duara jingine.

Mwalimu wake wa hesabu akabisha hodi. "Fundi, suruali yangu tayari?" Kabla sijamjibu alikwisha kuinamia karatasi za mdogo wangu. "Tisini hii imetoka wapi?"

"Mstari umepita katikati, Mwalimu. Pembe ya ukingoni inayotazama kipenyo ni nyuzi tisini."

"Umepita katikati kweli? Kitovu kiko wapi?"

Mdogo wangu akautazama mfuniko, asione pa kuonyesha.

"Bikari yako je?"

"Ilipotea. Niliogopa kumwambia mama."

Mwalimu akatoa yake, akachora duara, akatia nukta ya kitovu. "Soma swali. Pembe ya kitovuni ni nyuzi mia moja na arobaini. Ile ya ukingoni, inayotazama ncha zilezile, ni nusu yake. Ngapi?"

"Sabini." Machozi yakamlengalenga. "Basi nimekosa yote."

"Futa, tuanze upya. Kanuni unazijua, ila uliandika ulichokiona kwa macho, ukaacha ulichopewa. Na ukipotewa na kitu, sema. Kunyamaza ndiko kulikokuponza, si hesabu."

Waliendelea mpaka giza likaanza kuingia. Juma lililofuata mdogo wangu alirudi na karatasi yake. Alikuwa amepita, kwa shida. Mama aliitazama sana, akaambiwa habari ya bikari iliyopotea, halafu akamletea mpya.

Mwalimu alipoleta shati la kutiwa vifungo, nilikuwa nimebana sindano mdomoni. Niliitoa.

"Mwalimu," nikasema, macho yangu kwenye kopo, "hata mimi nataka kurudi shule."