Mpira wa Baridi

"Brayan, hiki kimpira kinafanya nini kwenye friji langu?"

Tabita alisikia kwenye simu spika zilezile zilizokuwa zinapiga kelele nje ya kibanda chake cha soda, hapa Tunduma.

"Uliniambia ni dawa ya mama yako. Huu ni mpira wa bahati nasibu!"

"Punguza sauti, Tabi. Namba ya tiketi ya shemeji yake bosi hiyo. Nikifungwa kitambaa machoni kwenye droo, nitautambua kwa baridi. Nikigoma, kazi sina."

"Watu wameuza mahindi wanunue tiketi za kushindania hiyo bajaji! Wakigundua watakuchoma moto nikiona."

Simu ikakatika. Mara Raphaeli, mtu wa bosi, akaingia bila hodi.

"Dada, mzigo wa Brayan."

"Mzigo gani?"

"Usinichezee." Akafungua friji mwenyewe, akatia mpira mfukoni, akatoka.

Tabita akamwandikia Brayan ujumbe: "Ukiushika huo, Jumamosi usilete posa kwetu."

Akatoka nje ya kibanda kutazama.

Juu ya tela la semi lililofanywa jukwaa, Brayan alikuwa amejigeuza Mzee Bahati, mchezesha bahati nasibu: ndevu za pamba, koti la viraka, kitambaa cheusi machoni. Raphaeli akajifanya anakoroga mipira kwenye pipa. Tabita akaona mkono wake ukitoka mfukoni.

"Mzee, nitolee bajaji yangu!" mtazamaji mmoja akapayuka.

"Wewe? Hata baiskeli inakuangusha!" Brayan akamjibu.

Watu wakacheka. Mkono wa Brayan ukazama pipani, ukasimama ghafla. Ameufikia, Tabita akawaza.

Mkono ukatoka na mpira. Brayan akashuka ngazi akipapasa hewa. Katika kila droo humpa mtazamaji mmoja mpira asome namba.

"Muuza soda yuko wapi?"

Tabita alitaka kukimbia, watu wakamsukuma mbele. Brayan akamwekea mpira kiganjani.

Haukuwa na baridi.

"Mia mbili na saba!" Tabita akasoma kwa sauti kubwa.

"Yangu! Jamani, yangu!" Nesta, mama mkulima wa Mbangala, akakaa chini akalia.

Kule juu ya tela bosi alipiga makofi, macho yakiwa kwa Brayan. Raphaeli akaanza kushuka ngazi.

"Kazi imekwisha," Brayan akanong'ona, akivua kitambaa. "Tuondoke."

"Raphaeli anakuja."

"Namwona. Nishike."

Wakapenya katikati ya watu, wameshikana mikono, hawageuki nyuma.

"Tabi, posa nilete?"

"Lete. Ila hizo ndevu uvue, baba asije akadhani umemtuma babu yako."