Mshushaji Mioyo wa Uyole

Asubuhi, watu wa Mbeya walipokuwa wakifungua maduka na kumwagia maji vumbi la barazani, mioyo sitini ilikuwa ikipiga juu ya zulia moja huko Uyole, na hakuna hata mmoja uliopatana na mwenzake.

Zulia lenyewe liliitwa zulia-sikivu. Lilifumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kila uzi ulikuwa na kazi ya kusikiliza. Mtu akilala chali juu yake, nyuzi zilidaka pigo la moyo wake na kulipeleka kwenye meza ya dijei, nalo likawaka pale kama nukta nyekundu. Asubuhi hiyo nukta zilirukaruka mezani kama bisi ndani ya sufuria. Nyuma ya meza alisimama Lugano Mwakajila, mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabasamu la mtu aliyekwisha kunywa chai yake. Akavaa bangili ya pigo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akavuta pumzi ndefu, akaachia sauti ya kwanza.

Ilikuwa sauti ya mvuke. Aliirekodi mwenyewe kwenye mabomba ya umeme wa joto-ardhi chini ya mlima Rungwe, akaipunguza mwendo mpaka ikawa kama pumzi ya mnyama mkubwa aliyelala. Chini yake akaweka besi, nzito na ya polepole. Besi ile haikutoka kwenye mashine yoyote. Ilikuwa moyo wa Lugano, ukichukuliwa na bangili na kurudishwa sakafuni.

Waliolala pale walikuwa waendeshaji wa mbali. Usiku kucha walikuwa wamekaa vitini, wamevaa kofia-mwendo, wakiendesha mashine za kuchimba barafu kwenye Mwezi. Mwili Mbeya, akili Mwezini. Kulipokucha walizivua kofia, lakini akili haikukubali kurudi upesi hivyo. Utawaona wakitembea barabarani huku wakinyanyua miguu juu juu, kana kwamba ardhi haitawavuta tena chini. Na usingizi? Haukuja. Dawa zilijaribiwa, zikawaletea mikono ya kutetemeka. Ndipo ukajengwa Ukumbi wa Kushukia, na kazi mpya ikapata jina: mshushaji.

Wahandisi walianza kwa kutumia pigo lililotungwa na kompyuta, sawasawa kabisa, lisilokosea hata chembe. Mioyo ililikataa. Watu walilala chali wakitazama dari. Kumbe moyo haufuati saa. Moyo hufuata moyo mwenzake, kama mtoto mchanga anavyolala mgongoni kwa mama yake. Ikabidi atafutwe mtu wa kuazima moyo wake, na awe mtu anayejua muziki wa polepole, maana moyo peke yake unachosha kuusikiliza.

Lugano alikuwa amezaliwa kwa kazi hiyo bila kujua. Ujanani alikuwa dijei wa harusi, tena wa kufukuzwa. Watu wakitaka kutoka jasho, yeye alikuwa akichomeka vibao vya taratibu, vya mvua na ilimba, ile marimba ndogo ya vidole gumba. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliwahi kumpigia kelele katikati ya ukumbi, "We dijei, umekuja kutuoza au kutuzika?" Kwa hiyo siku alipolipata zulia lile, alimshukuru Mungu kwa sauti, na hakuacha kushukuru. Aliishukuru hata ngazi ya kupandia ukumbini. Dijei wa harusi hupigiwa vigelegele. Yeye alipigiwa mikoromo, na aliipenda kuliko makofi yoyote. Kasoro moja tu: akifanya kazi vizuri, hakuna aliyebaki macho kuusikia mwisho wa muziki wake. Kibao cha mwisho, ambacho ndicho alichokihangaikia kuliko vyote, alikipiga kwa ajili ya watu waliolala fofofo.

Isipokuwa mmoja.

Subilaga alilala karibu na nguzo, kwenye mkeka wake mwenyewe aliotandika juu ya zulia, kwa sababu, alisema, mikeka ya ukumbi ilinuka miguu ya wanaume. Alikuwa mmoja wa waendeshaji wa mwanzo kabisa, mama mwenye sauti kavu na ulimi mkavu zaidi. Nukta yake mezani ilishuka vizuri pamoja na wenzake, ikafika katikati, ikakwama. Haikushuka tena. Alikuwa akilala kwa vipande vipande tu nyumbani, dakika hapa, dakika pale, na macho yake yalikuwa yamedidimia. Daktari wa kampuni alikwisha kumwambia waziwazi: mwili usiolala unajila wenyewe, na wake ulikuwa umeanza.

"Leo je, dada?" Lugano alimuuliza kila muziki ulipokwisha.

"Leo nimepumzika, mdogo wangu. Ndaga." Ndivyo wanavyoshukuru watu wa kwao, na alilitamka neno hilo kama mtu anayelipa nauli.

"Umelala lakini?"

"Nimesema nimepumzika. Ukitaka kunihoji, nitafutie kwanza chai."

Jibu hilo lilimchoma Lugano. Watu sitini walimwamini, na huyu mmoja alikuwa akifa polepole mbele ya meza yake, yeye akimpigia muziki. Akajiambia kwamba kosa ni lake. Moyo wake haukushuka vya kutosha, ndiyo maana wa Subilaga hauna pa kuufuata. Basi akaanza kujizoeza. Alitoa pumzi ndefu zaidi, akaacha chai ya rangi, akajifunza kuulegeza moyo kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kisimani. Kila wiki alishuka chini zaidi ya wiki iliyotangulia. Nukta ya Subilaga ilibaki palepale.

Hapo ndipo kengele ilipoanza kumsumbua. Meza ilikuwa na kengele ya tahadhari: pigo la mshushaji likishuka kupita kiasi, ilipaswa kulia na kumwamsha kila mtu. Ililia kweli, kwa sauti kali ya chuma, na mbaya zaidi, ililia kwa noti isiyopatana kabisa na muziki. Mara ya kwanza nusu ya ukumbi iliamka ikipepesa macho. Lugano hakuizima, hakuwa mjinga kiasi hicho. Hata sauti yake hakuipunguza. Alichofanya ni kuipatanisha. Aliinyanyua nusu noti, akaivika sauti ya ilimba, ikawa inalia tamu kama sehemu ya kibao. Fundi umeme asingefanya hivyo, wala daktari. Ni dijei tu anayeweza kusimama mbele ya hatari na kinachomuudhi kikawa noti. Na mwenyewe, mtu wa watu, alijisifu.

Ishara zilikuwepo. Kwenye harusi ya mpwa wake alisimama kucheza, ukumbi ukamzunguka, akakaa chini. Watu wakacheka wakasema mjomba ameshiba. Ngazi aliyokuwa akiishukuru alianza kuipanda kwa vituo. Hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, lakini nani humkumbuka mficha uchi wakati anaficha wake?

Siku ya siku ilikuja na ukungu mzito, baridi ile ya Mbeya inayoingia hadi kwenye meno. Subilaga aliingia akiwa amemshika mwenzake mkono ili asianguke. Lugano alimwona, akaapa moyoni kwamba leo atalala, liwe liwalo. Alishusha mvuke, akashusha ilimba, akajishusha mwenyewe. Nukta zilimfuata kwa utii, zote, isipokuwa ile moja. Akashuka tena. Vidole vikapoa. Ndipo akaisikia ilimba nyingine ikiingia juu ya ile yake, laini, ikirudia noti moja, na akawaza kwamba hajawahi kuchanganya kitu kizuri namna ile. Akaweka shavu mezani apate kuisikiliza vizuri.

Yaliyofuata aliyajua kwa kusimuliwa.

Nukta hamsini na tisa zilianza kuzama nyuma ya moyo wake. Watu walilala wametulia, midomo ikigeuka rangi, na kengele ikawaimbia. Subilaga, aliyekuwa macho, ndiye peke yake aliyejua kwamba noti ile haijawahi kurudiwa hivyo kwenye muziki huo. Alikuwa ameusikia tangu mwanzo hadi mwisho, kila siku, kuliko mtu yeyote duniani. Akainuka kwa magoti na mikono, akafika mezani, akamtikisa Lugano. Hakuamka. Meza ilikuwa na vitufe vingi, na hakujua hata kimoja. Lakini alijua jambo moja, kama walivyolijua wote waliolala pale: moyo hufuata moyo. Akaivuta bangili kutoka kwenye mkono wa Lugano, akaivaa.

Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama wa mtu aliyefukuzwa na mbwa. Besi ikalipuka sakafuni. Zulia zima likanguruma kwa hofu ya mama mmoja, na hofu ile ikaipanda mioyo ya watu na kuivuta juu kwa nguvu, mmoja baada ya mwingine. Watu waliketi wakihema. Mmoja alishika hewa akitafuta usukani wa mashine yake ya Mwezini. Na Lugano, aliyekuwa ameteleza toka mezani na kulala chali juu ya zulia, alifumbua macho akamkuta Subilaga amepiga magoti kichwani pake, amenyoosha mkono wenye bangili, akifoka, "Rudi! Rudi, mwanaume wewe!"

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Nsajigwa alimwonyesha picha ya moyo wake na kumweleza bila kumzungusha. Moyo uliofundishwa kushuka kwa miaka mingi ulikuwa umesahau kupanda. Hatakimbia tena. Hatacheza kwenye harusi ya mtu. Akitunza kilichobaki ataishi mpaka azeeke, lakini bangili asiivae tena kamwe.

"Watu wazima sitini walikuwa wanalalia moyo wako kila asubuhi," alisema daktari. "Wewe uliona kazi nyepesi hiyo?"

"Niliona raha," Lugano alijibu, na ilikuwa kweli.

Subilaga alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, amekasirika. Daktari alipotoka, Lugano alimgeukia.

"Dada, niambie leo. Kwa nini hukuwa unalala? Nilishuka mpaka nikaishiwa pa kushukia."

"Ningelalaje?" Akauweka mkoba sakafuni. "Mwanzoni ni hiki kichwa changu tu, Mwezi umekijaa. Ningelala, nilikuwa karibu kulala. Halafu siku moja nikausikia moyo wako sakafuni, nikasema mbona huyu anashuka hivi? Kesho yake ukashuka zaidi. Mimi nimeendesha mashine maisha yangu yote, najua injini inayozimika. Nikasema nikifumba macho, huyu kijana nani anamwangalia?"

"Nilikuwa nashuka ili wewe ulale."

"Na mimi sikulala kwa sababu ulikuwa unashuka."

Walitazamana. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na hawa wawili waliusoma kila siku kwa nyuzi na taa, wakapotea humohumo. Lugano alianza kucheka, kicheko kikapanda mpaka mashine ya kitandani ikapiga kelele na muuguzi akaja kuwafokea wote wawili. Subilaga alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Si ungesema?" Lugano aliuliza.

"Ningesema wangekufukuza. Halafu ule muziki ningeusikia wapi?"

Miaka yote Lugano alidhani ukumbi wake una mtu mmoja aliyemshinda, kumbe ulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akimsikiliza. Alimshika mkono.

Msimamizi wa ukumbi alitaka kuufunga. Waendeshaji ndio waliokataa. Walikuja ofisini kwake asubuhi wakiwa hawajalala, wakisimama kwa kuyumba, na Tumpe, mama wa watoto wawili aliyekuwa hodari wa kukoroma kuliko wote, akasema kwa niaba yao. Kama watu wanavyopokezana kumkesha mgonjwa, nao watapokezana bangili. Kila siku mmoja ataazima moyo wake na kubaki macho, kesho atalala kama wengine. Moyo mmoja usibebeshwe mzigo wa wote. Lugano abaki na muziki, na kengele irudishiwe makelele yake.

Zamu ya kwanza ilimwangukia Tumpe mwenyewe. Alikaa kando ya meza amevaa bangili, macho ameyakodoa kama mlinzi mpya. Lugano aliachia mvuke, na mkono wake mtupu ulimsumbua. Hakujua auweke wapi. Besi iliyotoka sakafuni ilikuwa ya mtu mwingine, nyepesi kidogo, yenye haraka ya mama anayewaza vyakula vya watoto. Aliupunguzia muziki mwendo taratibu ili moyo ule upate nafasi. Nukta zikaanza kuteremka.

Ya Subilaga ilifika katikati, mahali pake pa siku zote, ikasimama. Lugano alishika pumzi. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa, hakuwa na moyo wa kuushusha. Alikuwa na muziki tu. Akaingiza mvua, ile aliyoirekodi juu ya bati la nyumba yao Tukuyu, akangoja.

Nukta ikatikisika. Ikashuka kidogo, ikashuka tena, ikazipita nyingine zote, ikatulia chini kabisa ambako haijawahi kufika. Kutoka karibu na nguzo ukasikika mkoromo, mkavu kama mwenyewe.

Lugano alitaka kupiga kelele. Badala yake alijifuta macho kwa kiwiko na kuingiza kibao cha mwisho, kwa uangalifu uleule wa siku zote. Kilipofifia, Tumpe alimwinamia.

"Kumbe huwa unaishia hivi?" alinong'ona.

"Ndiyo."

"Kaka Lugano, mbona hukuwahi kutuambia?"

"Mngelala lini?"

Sheria ilisema hapo taa ziwashwe na watu waamshwe waende nyumbani. Lugano alitazama kwenye nguzo, akasema "Ndaga, dada," kwa sauti ambayo hata Tumpe hakuisikia, kisha akaongeza kibao kingine.