Manyoya ya Rodney

Kila siku basi la shule lilipomshusha, Kerubo hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Bibi Abigail, mzee wa miaka themanini aliyehudumiwa na mama yake Kerubo, Dinah, kando ya mji wa Apple Valley, ughaibuni. Huko alitua begi, akavaa viatu vya theluji na kumpelekea nyasi kavu Rodney, farasi wa miaka ishirini na saba aliyeishi nje mwaka mzima. Bibi Abigail alikuwa haoni vizuri, na miguu yake haikuweza barafu.

"Wewe ndiye macho yangu," alizoea kusema. "Haya, nieleze alivyo leo."

Novemba ile ya 1996, manyoya ya Rodney yalikuwa marefu mpaka chini ya tumbo. Siku za jua alitoka jasho akabaki amelowa. Bibi alikuwa njia panda.

"Tukimwacha hivi, jasho litamlowesha. Tukimnyoa, baridi itamkuta uchi. Jumamosi daktari wa mifugo atakuja atuamulie. Mpaka hapo asiguswe."

Kerubo hakuridhika. Kwao Kisii, kabla hawajahamia huku, kila shule ilipokaribia kufunguliwa, shangazi alimnyoa kipara, na mtoto mwenye nywele timutimu alisemwa kuwa hana wa kumtunza. Rodney alimtia aibu. Jumatano akachukua mashine ya kunyolea bandani, akamnyoa shingo, mgongo na mbavu, kisha akayatupa manyoya nyuma ya ua. Farasi akapendeza kweli, lakini uzuri huo haukumaliza siku mbili.

Alhamisi jioni redio ilitangaza baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Daktari akapiga simu. Kerubo alikuwa jikoni akila mkate, akamsikia Bibi akijibu, "Blanketi la nini? Ana manyoya yake yote." Kisha Bibi akamgeukia. "Au sivyo, Kerubo?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Kerubo akameza mkate.

"Ndiyo, Bibi."

Ijumaa shule zilifungwa kwa baridi, hivyo Kerubo alifuatana na mama yake kazini. Walimkuta Rodney amelala kwenye theluji. Aliitwa, hakuinua kichwa. Alitetemeka kidogo, kisha akaacha kutetemeka, na hilo lilimtisha Dinah zaidi.

"Nani amemnyoa huyu?"

Kerubo angeweza kusema hajui. Alimtazama farasi.

"Mimi, Mama. Na jana nilimdanganya Bibi."

Dinah hakumgombeza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kamwambie Bibi wewe mwenyewe, sasa hivi. Daktari hawezi kutibu asichokijua."

Kerubo akakimbia, akasema yote bila kujitetea. Bibi akaomba simu, akampigia daktari. Wakamfunika Rodney kwa blanketi lake la bandani na mengine ya vitandani, wakamnywesha maji ya vuguvugu kama daktari alivyoagiza. Daktari mwenyewe alipofika, walimvuta na kumsukuma farasi mpaka adhuhuri, ndipo akasimama. Alipona, ila ncha za masikio yake zilikufa kwa baridi, wala hazikurudi tena.

Jumamosi Bibi aliomba apelekwe nje kwa mkongojo. Akapenyeza mkono chini ya blanketi, akapapasa ngozi tupu kwa muda mrefu.

"Kumnyoa ni kosa, lakini lina dawa, nayo ni blanketi," alisema. "Usiku ule dawa ilikuwa imetundikwa bandani. Sikuagiza avishwe kwa sababu nilikuamini. Macho yangu hayaoni, Kerubo, lakini hayajawahi kunidanganya."

Kerubo alilia, na hakuna aliyemnyamazisha. Bibi alingoja mpaka akatulia.

"Ukikosea tena, na utakosea, nataka kusikia kabla baridi haijaingia. Haya, nieleze alivyo leo."

Kerubo akafuta machozi, akaanza na masikio.