Santuri ya Ephrasia

Jioni ile nilikwenda Kitura kufuata santuri ya marehemu mke wangu. Mariana, mdogo wake, alikuwa ametuma ujumbe kutoka Lipingo kwa dereva wa gari la usipa, dagaa wa ziwani. Misa ya kumwombea Ephrasia ilikuwa Jumapili, kesho yake, na ndugu walitaka santuri ile ipigwe nyumbani baada ya misa. Lilikuwa ombi dogo. Niliwasha pikipiki ya idara jua likiwa bado juu ya milima.

Santuri yenyewe ni ya jazi. Ephrasia aliinunua Dar es Salaam alipokuwa akisomea uuguzi, nami nikiwa chuo kikuu. Ganda lake ni la bluu. Juu yake mpiga saksafoni ameinamisha kichwa kama mtu anayeungama. Kila upande una wimbo mmoja tu, mrefu.

Nilikuwa nimeiacha kwa Mzee Mansuetus Jumamosi iliyotangulia. Nyumbani kwake walikutana wapenzi wa jazi, wale wachache waliobaki na santuri wakati watu wengine wa Mbinga walikuwa wameshahamia kaseti. Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia na magari yao. Ushirika ukayumba, bei zikapanda na kushuka bila mtu kujua sababu, na wakulima wengi wakaacha mashamba yao yamezwe na majani. Shamba la Mansuetus halikuwa na jani. Mimi ni afisa kilimo. Niliona hilo kabla ya kuona kitu kingine. Ngoro zake, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiporomoke mlimani, zilishuka hadi bondeni kama sega la nyuki.

Sikuwahi kuona kibarua hata mmoja.

Walikuwa na desturi yao. Mgeni huleta santuri anayoipenda kuliko zote. Kabla haijapigwa, husimama akaeleza aliisikia kwanza na nani, na mtu huyo yuko wapi sasa. Kisha santuri hubaki kwa mwenyeji hadi wiki inayofuata. Niliiona desturi nzuri. Ephrasia alikuwa kaburini tangu kiangazi, na watu walikuwa wameacha kuniuliza habari zake. Nikasimama. Nikataja jina lake kamili. Nikasema amelala Lipingo, karibu na ziwa.

Hawakusema pole.

Wendelin, aliyewahi kuwa mtunza ghala wa ushirika, alinitazama kana kwamba nimekalia kiti chake. Aliniuliza wimbo una urefu gani. Nilipomjibu kwamba unajaza upande mzima, aligeukia ukuta.

"Na hii nayo ni jazi," alisema. "Hata kucheza haichezeki. Bwana Shamba ametuletea mtu anayekohoa ndani ya bomba."

Mwalimu Lidia, mwanamke wa Matiri, hakucheka. Alisema tu kwamba betri haitatosha watu wote. Nilidhani ni majivuno ya kawaida ya watu wa santuri. Kila mmoja hutaka yake isikilizwe kwa heshima na ya mwenzake imalizike upesi.

Basi jioni ile nilifika Kitura jua limeshazama nyuma ya mlima. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nilizima pikipiki, na katika kimya kilichofuata nikasikia majembe.

Si moja. Matatu... labda manne.

Hakuna Mmatengo anayelima saa ile.

Ndani niliwakuta wale wale watatu. Mashine ya santuri ilikuwa mezani, waya zake zimefungwa kwenye betri ya gari. Nilimwamkia mzee. Aliitikia "Marahaba" bila kuinua macho, akaniambia nikae, zamu yangu bado. Nikaeleza kilichonileta. Wendelin aliniashiria ninyamaze.

Iliyokuwa ikipigwa ilikuwa ya Lidia, rumba ya mojawapo ya bendi za zamani zilizojiita jazi bila kujali Wamarekani wangesema nini. Yeye mwenyewe alikuwa ameegemea fremu ya dirisha, macho ameyafumba. Midomo yake ilikuwa inahesabu mapigo. Wimbo ulipoelekea mwisho, alianza kuhesabu kwa sauti.

Sindano ikafika katikati. Mkwaruzo mmoja. Kimya.

Chini bondeni, jembe dogo likaanza kulima.

Lilikuwa jepesi, la haraka haraka, kama jembe la mtoto. Lidia aliziba mdomo kwa viganja viwili. Wendelin hakumngoja. Aliitoa santuri ya mwalimu, akaiweka yake, na mara tarumbeta zilipoanza, jembe jingine bondeni, zito, la mwanamume, likanyamaza.

Nimefundishwa kutoamini jambo lililotokea mara moja. Lakini hili lilikuwa limetokea mara mbili mbele yangu.

Ndipo nikalisikia la tatu.

Pigo. Pigo. Kisha mlio wa chuma kwenye jiwe.

Pigo. Pigo. Jiwe.

Ephrasia alikulia kwenye mchanga wa ziwani. Udongo mwekundu wa Mbinga ulimshinda. Ulinata kwenye jembe, na kila baada ya mapigo mawili alilikung'uta kwenye jiwe. Majirani walimtania kwamba analima kama anayepiga ngoma. Sijawahi kusikia mtu mwingine akilima hivyo.

Kisha harufu ikaingia kupitia dirishani. Udongo mbichi, na juu yake dawa ya kusafishia vidonda, ile aliyorudi nayo mikononi kila jioni kutoka wodini.

"Nani yuko kule?" niliuliza.

"Wako umeshamsikia," Lidia alinong'ona. "Usiniulize mimi."

Nilikwenda dirishani. Katika ukungu nikaona migongo imeinama. Mtu mmoja mkubwa alikuwa amesimama wima, ameegemea mpini wa jembe, uso ameuelekeza kwenye nyumba. Alikuwa anasikiliza. Karibu yake mtoto wa kike alikuwa analima, mabega yakipanda na kushuka. Na nyuma yao, mwanamke mwenye kitenge cha zambarau. Kitenge kile nilikichagua mimi mwenyewe, siku ya kumzika.

Hakugeuka.

Nikashika komeo la mlango.

"Ukishuka utapewa jembe," alisema Mansuetus. Alisema kama anayenionya kuhusu utelezi.

Nilimwambia nitakwenda polisi. Nitakwenda kwa paroko. Nilimwita mchawi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka polepole, akaitoa santuri yenye ganda la bluu kwenye rafu, akaninyooshea.

"Mimi simwiti mtu, Bwana Shamba. Mnawataja wenyewe. Hii ni mali yako. Ichukue."

Niliipokea. Nilitaka kuivunja pale pale kwenye goti. Nadhani niliikunja kidogo, kwa sababu Lidia alinirukia mikono.

"Urbani aliivunja yake," alisema. Kucha zake zilikuwa zimezama kwenye ngozi yangu. "Urbani wa kule bomani. Mwaka jana. Alidhani mkewe ataachiliwa. Sikiliza."

Tulisikiliza. Chini ya tarumbeta za Wendelin, nyuma ya jembe la mtoto na la Ephrasia, kulikuwa na jembe la nne. Lilikuwa likilima tangu nilipozima pikipiki. Halikuwa limepumzika hata mara moja.

"Kila mmoja hupumzika kwa wimbo wake tu," Lidia alisema. "Ukipigwa anasimama. Ukikatika analima. Santuri ikitoka humu, hana tena wa kumpumzisha. Mwanangu Tereza ana miaka tisa, Bwana Shamba. Na wewe umekuja na wimbo wa upande mzima."

Ndipo nilipoelewa kwa nini walinichukia. Betri ilikuwa moja.

Wimbo wake ulipokwisha, Wendelin alitoa yake bila kunitazama. Nikaiweka ya Ephrasia kwenye sahani ya mashine. Besi ilianza peke yake, kama siku zote, kisha saksafoni ikaingia.

Pigo. Pigo...

Jiwe halikulia.

Nilisimama dirishani hadi giza lilipoufuta uso wake, kama ulikuwa uso. Alikuwa amegeukia nyumba na kukiweka kidevu juu ya mpini. Sauti yake ilinifikia kwa mbali, akiifuata saksafoni kwa kuimba puani, akikosea pale pale alipokuwa akikosea siku zote.

Usiku ule nilirudi Mbinga mikono mitupu. Kesho yake niliteremka Lipingo kwenye misa, na Mariana alinipa kisogo mbele ya watu. Alisema nimemsahau dada yake upesi. Baadaye nilikwenda kaburini peke yangu. Halikuwa limefukuliwa, mchanga ulikuwa umekaa sawa, na maua ya ndugu yalikuwa mahali pake. Lakini chini ya msalaba kulikuwa na mabonge ya udongo mwekundu wa mfinyanzi. Niliusugua kati ya vidole, kama nilivyofundishwa. Ulikuwa bado na unyevu. Udongo wa aina hiyo haupatikani ziwani.

Paroko alikuja Kitura mara moja. Alibariki nyumba, alikunywa chai, hakuona kitu. Ilikuwa saa nne asubuhi na shamba lilikuwa tupu. Polisi waliniuliza kama ninalala vizuri. Bado sijui Mansuetus ni nani, wala kama anachokitunza kule bondeni ni mke wangu au kitu kilichojifunza kulima kama yeye. Nimelifikiria hilo kwa makini. Halijabadilisha njia yangu ya Jumamosi.

Jumamosi iliyopita betri ilikuwa dhaifu. Tarumbeta za Wendelin hazikuwa zimepigwa bado, na zamu ilikuwa yangu kwanza. Kwa mapatano, kila mtu hupiga upande mmoja tu. Saksafoni ilikuwa imeanza kuzama, ikivuta sauti kama mtu mwenye usingizi. Taa ndogo ya mashine ilikuwa inafifia.

Wimbo ulipokaribia mwisho, Wendelin alikuja akasimama nyuma yangu, santuri yake ameikumbatia kifuani. Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Kaka," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Kaka, ni mdogo wangu. Wiki nzima hajasimama."

Sindano ilifika katikati. Bondeni, jembe la Ephrasia liligusa udongo mara moja.

Nikaigeuza upande wa pili.